Tangazo la maji

Jumanne

Kama angenifokea ningelala vizuri. Bi Mariamu hakunifokea.

Jumapili nilizunguka kata nzima na kipaza sauti: "Mimi diwani wenu nasema, maji kesho asubuhi!" Fundi wa pampu alikuwa ameniambia, "Nadhani kesho." Ile nadhani niliimeza, maana nilitaka kushangiliwa.

Bi Mariamu, mjane anayeishi peke yake, aliposikia akamalizia maji yake kuoshea pipa, ili mapya yakute pasafi. Jana maji hayakutoka. Leo nimemkuta njiani anachechemea na ndoo, anatoka kisimani.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, nilitangaza nisichokijua."

"Marahaba. Fundi alikuambiaje hasa?"

Nikamwambia.

"Si ungetuambia hivyo hivyo? Ningeacha hata nusu pipa."

Nikambebea ndoo hadi kwake, kisha nikazunguka upya. Pampu bado mbovu, siku siijui, tunzeni mlichonacho. Nilingoja kuzomewa.

Watu hawakunizomea. Mama mmoja wa jirani aliuliza tu, "Na Bi Mariamu je, ana maji?" Kabla sijajibu, alishaingia ndani kuchukua dumu.