Mafua ya Kopo la Vifungo

Pole na kazi ya kusoma shida za watu, mshauri wangu, naomba nikuongezee yangu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka jana niliumia mgongo nikihamisha mashine, daktari akaniandikia tramado, vidonge vya maumivu, mgongo ukapona ila mimi na vidonge hatukuachana, nikawa navinunua kwenye duka lisilouliza maswali na kuvificha kwenye kopo la vifungo, maana nikimeza naona kila kitu kimekaa sawa, na hilo ndilo tatizo, juzi nimemshonea mteja koti lenye mikono miwili ya kushoto, nikalipiga pasi, nikalitundika, nikaona limependeza. Nikaapa kuacha, nikavimwaga chooni, loo, miayo, kamasi, jasho, kuhara, miguu inarukaruka kitandani kama bado nakanyaga cherehani, nikawaambia nyumbani ni mafua, kisha nikanunua vingine, nikapona, mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, mafua gani haya yanayopona ukifungua kopo la vifungo?" Sasa binti yetu anaolewa, kitambaa cha gauni kiko mezani kwangu, anasema, "Baba, sivai la fundi mwingine." Nikimeza nitaliharibu huku nikilisifu, nisipomeza uzi hauingii kwenye sindano. Naogopa kumwaibisha mwanangu. Nijikaze kiume niache tena?

Fundi wa Mikono ya Kushoto

Fundi, pole. Dawa uliandikiwa, hapo sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu unaanzia kwenye kopo.

Hayo si mafua. Mwili umeizoea dawa, ukiunyima unadai, na kujikaza kwako kiume kumeishia chooni mara moja, kunatosha. Usiache ghafla. Rudi kwa daktari wako kesho, mwambie unameza vingapi, usipunguze hesabu kwa aibu, akupangie kushuka kidogo kidogo. Pombe na dawa za usingizi usiguse. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mkeo anajua tayari. Au ulidhani alikuwa anauliza habari za vifungo? Mkabidhi vidonge, awe anakupimia yeye.

Binti yako mwambie leo, kabla hujashika mkasi. Gauni akate na kushona fundi mwingine, mteue wewe. Wewe bakiza pindo la chini, ulishone kwa mkono siku utakapotulia. Likienda upande, mwache avae hivyo hivyo. Atajua ni wewe.