Maikrofoni Moja na Dumbaki ya Mjomba

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kabla hujaitika naomba msaada, maana mimi Mrisho wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mpiga tari ambaye hata wanaonichukia hukubali mkono wangu, nimesoma madarasa matatu na nusu na ile nusu ndiyo inayoniponza. Amekuja fundi wa kunasa santuri kutoka Bombay, amepanga chumba karibu na bandari, chama chetu cha taarabu kikapewa zamu, nasi tukakaa kama tukaavyo siku zote, wakubwa mbele wadogo nyuma, mjomba wangu Mzee Sadalla na ngoma yake ya dumbaki karibu aipakate maikrofoni ya fundi, na dada yangu Tatu, mwimbaji wetu, nyuma ya migongo ya wazee, basi fundi alipotusikilizisha sahani ya majaribio ikawa ni du-du-du ya mjomba tu, na Tatu utadhani anaimbia ng'ambo ya bandari, Kigamboni. Wazee wakanuna, nami mdomo ukaniwasha, nikasema, "Wazee wangu, mtu ana masikio mawili, chombo hiki ni kimoja, tutasikikaje? Iletwe maikrofoni ya pili, moja kulia moja kushoto!" Mjomba akasema, "Mnamwona mpwa wangu? Kichwa hicho!" nikavimba kama andazi, kumbe nilibahatisha tu. Sasa wazee wamegoma, hakuna kuimba mpaka ije ya pili, na fundi anacheka, anasema anayo moja tu na asipotupata kabla ya tarehe ishirini na nane atawaita wale wa chama cha mtaa wa Gerezani, ambao, sisemi kwa husuda, huimba kama paka walionyeshewa mvua. Nami ningecheka, ila Tatu anahamia Lindi kwa mumewe mwezi ujao, na mama anataka jambo moja tu, sauti ya mwanawe ibaki nyumbani. Nikikiri, mjomba ataninyang'anya tari. Nikinyamaza, mama je? Nifanyeje?

Mrisho, Kariakoo

*

Mrisho, marahaba. Mkono wako siujui, mdomo wako nimeuona. Nilicheka mpaka nilipofika penye habari ya mama yako, hapo nikaacha.

Hukukosea sana, na hilo lisikuvimbishe tena. Wako mafundi Ulaya wanaojaribu kunasa kwa maikrofoni mbili, ili msikilizaji ajue udi uko kushoto na fidla iko kulia. Lakini gramafoni ya nyumbani kwenu ina sindano moja na tarumbeta moja; hata ziletwe maikrofoni kumi, sauti zote zitatokea tundu lile lile. Maikrofoni moja haijui kulia wala kushoto, wala haijui nani mkubwa. Inajua karibu na mbali, basi. Kosa lenu ni mkao.

Usithubutu kumwambia mjomba arudi nyuma; utamvunjia heshima na harudi ng'o. Nenda leo baada ya alasiri, peke yako, useme: "Mjomba, nilisema nisichokijua. Nisamehe." Utafokewa. Pokea. Akichukua tari, mpe.

Akishapoa, mwombe afike chamani asimame pale ambapo chombo kingekuwa, azibe sikio moja, afumbe macho. Wengine wakae kama kawaida, na dumbaki upige wewe. Mzee wako hajawahi kuisikia ngoma ile kutoka mbele. Atamtafuta Tatu asimpate, na hapo ataanza kuwapanga mwenyewe. Mwachie, maana apangaye mkao ni mkubwa kuliko akaaye mbele. Akikuuliza, na akikuuliza tu, sema: Tatu hatua mbili kutoka kwenye chombo, udi na fidla nyuma yake, dumbaki kule mlangoni. Ikizidi bado, itolewe nje ya chumba.

Kesho asubuhi wahi kwa fundi, uombe zamu. Na Tatu apumzishe koo, aache kubishana na wauza samaki, anywe tangawizi ya moto. Aimbe kwa utulivu, neno kwa neno, kama anayemwimbia mama yake chumbani. Lindi ni mbali.