Sombe ya Mama Yako Imeliwa Mpakani

Mama Zawadi,

Nimerudi juzi kutoka kwenu Beni. Mama yako yuko hai. Macho yamefifia, lakini mikono bado ina nguvu na sombe, hicho kisamvu chenu, anaitwanga mwenyewe. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu kilekile. Mimi Mlugbara, mke wa askari polisi, wewe Mnande wa Kongo, au Zaire kama wanavyotaka tuite siku hizi, na Kiganda ulikikataa kabisa. Tungezungumza kwa lugha gani nyingine? Pale sokoni Nakivubo, hapa Kampala, walitucheka, eti wanawake wawili wanauza chakula kwa lugha ya kambini. Walicheka na wakala.

Kibanda chetu kiko palepale nyuma ya soko, na mvua ya mwezi uliopita ilipandisha mfereji mpaka kwenye mafiga. Chai nauza bila sukari. Wateja wananung'unika, kisha wanakunywa. Lile duka la kona alilopewa yule mafutamingi, tajiri wa ghafla, baada ya Wahindi kufukuzwa limebaki na rangi ya viatu tu kwenye rafu, na mwenyewe anakaa mlangoni na miwani yake nyeusi kama mtu anayelinda kitu. Posho ya mahindi ipo, maharage yapo. Chumvi tunaipata kwa magendo, kwa bei ya kumliza mtu. Samaki wa moshi hawapo tena, maana hakuna aliyekuwa akienda kuwaleta ila wewe. Bado kuna watu wanakuja, wanainusa hewa, wanaondoka.

Siku tuliyokuzika padri alisali kwa Kiganda na wanawake wa kanisani waliimba vizuri. Mimi nilisimama pale nikiwaza jambo moja tu, kwamba mama yako hajui. Barua niliyotuma haikujibiwa. Nikamwambia mume wangu kwamba nitakwenda mwenyewe. Akasema, "Mama Ayub, usinitafutie maneno na wanajeshi." Alinuna siku nzima, halafu akaenda kunitafutia kibali cha kusafiri. Unamjua alivyo.

Basi nikapanda gari moshi mpaka Kasese, na kutoka pale lori hadi mpakani, njia ileile tuliyopita wote wawili mara ya mwisho. Niliikumbuka safari hiyo kila lori liliporuka shimo.

Tulikuwa tunarudi kutoka kwenu. Watu wote nyuma ya lori walikuwa wakificha: huyu chumvi ndani ya mto wa kulalia, yule sukari chini ya nguo, mwingine mafuta ya kupikia kwenye chupa za dawa. Wewe ulikaa na mizigo yako wazi miguuni. Ukaniambia, "Usifiche chakula, mudogo wangu. Chakula inanukaka. Taja yote, hata ile unaona haya kutaja." Nilifikiri ni ucha Mungu wako. Baadaye nilielewa kwamba ulikuwa umewaza vizuri. Aliyekamatwa na sukari aliyoificha aliitwa mtu wa magendo, na wapo waliochukuliwa kwa jina hilo wasionekane tena. Aliyetaja alinyang'anywa tu.

Pale forodhani karani alikuwa mmoja, mwembamba, na pembeni yake mwanajeshi kijana mwenye shingo nene. Ulianza kutaja kabla hujaulizwa. Samaki wa moshi, hawa hapa, na huyu ameoza kidogo mkia. Mawese, dumu moja. Maharage ya kula, si ya kupanda. Sukari. Sombe iliyopikwa, fungua uone. Ukatoa hata chumvi ndogo uliyofunga kwenye pindo la kitenge. Karani akacheka. "Mama, hiyo wacha, hiyo ya mboga yako. Sukali ndiyo nitaandika." Siku hizo ni watu wachache waliokuwa wakicheka kazini.

Nyuma yetu alisimama yule binti mwenye mtoto mgongoni. Mwanajeshi alivuta ile shuka ya kubebea, na kopo la maziwa ya unga likaanguka, likaviringika mpaka miguuni pako. Binti akaanza kutetemeka hata mtoto akaamka.

Ukaliokota. Ukasema, "Hii yangu. Nilisahau kutaja. Yeye ananibebea tu."

"Wewe muzee, unanyonyesha nani?" mwanajeshi akauliza.

"Mjukuu wangu. Anaitwa Zawadi."

Mimi nilijua hakuna mjukuu. Zawadi alikuwa mtoto wako wa pekee, na alikufa mgongoni mwako njiani mlipokuwa mnakimbia vita vya kwenu, maziwa yakiwa yamekauka kifuani. Uliniambia mara moja tu, tukichambua maharage, na hukurudia tena.

Alikupiga kofi la sikio. Hukuanguka. Uliweka mkono mezani, ukasimama. Wakachukua samaki, sukari, mawese, kila kitu ulichokuwa umekitaja. Lakini yule karani, bila kuinua macho, alilisogeza kopo upande wako akasema, "Hili limetajwa." Wewe ukampa binti kopo lake kule Kasese, kwenye gari moshi. Alitaka kupiga magoti. Ukamwambia, "Pikia mtoto, usiniangalie mimi."

Baada ya hapo ukawa unageuza shingo wateja wanapoagiza, ili sikio zima liwe upande wao. Walidhani ni maringo. Halafu ikaja miguu kuvimba, halafu ile hospitali ambayo daktari alikuwepo ila dawa hazikuwepo. Nayajua hayo, na wewe unayajua. Siyaandiki tena.

Mama yako nilimkuta amekaa uani. Nilimwambia moja kwa moja, kwa sababu nilijua nikizunguka sitafika. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Alikuwa anakula?" Nikasema alikula, na kwamba mara ya mwisho aliomba ndizi ya kuchoma na akaimaliza. Hiyo ni kweli, unajua. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, na sikumwona tena mpaka jioni.

Asubuhi nilisikia mchi. Alikuwa ametafuta samaki wa moshi kwa majirani, na mawese, akapika sombe na bugali, ule ugali wenu wa muhogo. Alifunga vyote kwa majani ya mgomba, akaweka kwenye sufuria, akaifunga kwa kitambaa cheupe. Akasema, "Umupelekee. Hajakula mkono yangu siku nyingi."

Nikamwambia, "Bibi, amekufa. Nimekuambia jana."

"Nimesikia. Umupelekee."

Ningefanya nini? Nilipokea. Akanipa na sukari kidogo ya watoto wangu. Nikapanda lori na sufuria mapajani, ikiwa bado na joto.

Mpakani nilisimama kwenye mstari nikiwaza niseme nini. Karani alikuwa yuleyule mwembamba, amezidi kukonda. Nikataja. Sukari, hii hapa. Sabuni, vipande viwili. Na chakula kilichopikwa.

Mwanajeshi akatoka kivulini. Mwanzoni sikumtambua, kofia ilikuwa imeshuka. Alipoivua kujipangusa jasho nikaiona ile shingo. Alikuwa yeye, Mama Zawadi. Yeye hakunikumbuka hata kidogo.

"Hii chakula iko ya nani?"

Ningeweza kusema ni yangu ya njiani, na ingekwisha pale. Lakini nilikuwa nimeshaanza kutaja, na ulimi ukaendelea wenyewe. Nikasema, "Ya mtu amekufa. Mama yake amempikia. Napeleka kaburini Kampala."

Alirudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. "Hii dawa! Unaleta uchawi kwa serikali!" Watu kwenye mstari wakaanza kujitenga nami. Akashika bunduki yake vizuri na kuniambia nifungue. Nikafungua. Ile harufu ya mawese na samaki ikatoka, ikajaa chumba kizima. Kila mtu akameza mate, hata yule mwanajeshi, nilimwona.

"Kula," akasema. "Kula, sisi tuone."

Sikuwa nimepanga kula chakula chako. Nilisema moyoni, nisamehe, dada yangu. Nikanawa kwa maji ya dumu lililokuwa pale, nikamega bugali, nikachovya. Nilikula nikiwa nimesimama, machozi yakinitoka bila ruhusa yangu, na wote wakinitazama kama nitaanguka. Sikuanguka. Chakula kilikuwa kitamu, Mama Zawadi. Kilikuwa kitamu mpaka nikaona aibu.

Karani aliinuka kwanza. Alisema tangu juzi hajaonja kitu cha moto, kwamba huko mpakani mshahara haufiki. Akanawa, akaketi, akala pamoja nami. Yule mwanajeshi akasimama kidogo, akituangalia mikono. Kisha akaegemeza bunduki ukutani. "Kama hawa hawakufa, na mimi nakula," akasema, na hakuna aliyekuwa amemzuia.

Tukala watatu kutoka sufuria moja. Watu wa mstarini walisubiri bila kelele. Mzee mmoja alivua kofia akasema, "Poleni na msiba," na nikaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa ametambua tulichokuwa tunafanya. Pale palikuwa matangani.

Karani akauliza, kama watu wanavyouliza matangani, "Marehemu alikuwa nani?"

Nikamjibu karani, lakini nilimtazama yule mwingine. "Ni yule mama aliyekuwa anataja kila kitu, mpaka chumvi ya kwenye kitenge. Yule wa kopo la maziwa."

Karani aliacha kutafuna. Akasema polepole, "Yule. Pole sana, mama." Mwanajeshi mkono wake ulisimama njiani kati ya sufuria na mdomo. Nilifikiri sasa ndiyo nimekwisha. Nikawaza watoto wangu, nikamwaza mume wangu na maneno yake. Lakini alilitia lile tonge mdomoni, akalitafuna muda mrefu kuliko tonge linavyotaka, akameza.

"Alikuwa kichwa ngumu," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Mtoto yake anaitwa nani? Ile ya maziwa?"

"Zawadi. Alikufa zamani."

Hakuuliza tena. Alikomba ukingo wa sufuria kwa kidole, akanawa mikono, akachukua bunduki yake. Halafu akachukua na sukari. Sabuni aliniachia. Usidhani alitubu, sikuona toba yoyote. Ila nilipokuwa nafunga kitambaa alimwambia karani kwa sauti ndogo, "Mwambie huyu mama aende, lori isimwache."

Karani alinisindikiza mpaka mlangoni. Aliniambia siku ile ya kopo alirudi nyumbani akashindwa kulala. Nikamwambia kwamba wewe ulimsifu, kwamba ulisema kuna mtu mmoja pale bado ana macho. Hukusema hivyo kwa maneno hayo. Ulisema, "Ule mwembamba ni mutu." Basi nikamwambia na maneno yako yalivyo, akacheka kidogo, akarudi mezani kwake.

Kwa hiyo, Mama Zawadi, chakula hakikukufikia. Jana nilikwenda makaburini na sufuria tupu, nimeiosha, na sikujua niseme nini. Nilikaa tu. Nikang'oa majani yaliyoota pembeni mwa msalaba. Mwanamke aliyekuwa kaburi la jirani aliniuliza kama nimekuletea maua, nikamwambia nimeleta habari.

Nimefikiri sana kama nilikosa. Usiku wa kwanza nilijiambia ningeificha ile sufuria, ningeifunga ndani ya nguo, ningesema ni nguo za mtoto. Mume wangu nilipomweleza aliuliza kama chakula kilikuwa na pilipili. Nikamwambia ndiyo, nyingi. Akasema, "Basi alilia kidogo yule mwanajeshi." Hapo nikacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, nikacheka mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Sasa nakuaga. Lala vizuri, usihangaike na kibanda, mafiga yamekauka na kuni ninazo. Baada ya mvua hizi nitamrudishia mama yako sufuria yake. Ataniuliza kama ulikula, na sitamdanganya. Nitakaa naye pale uani, nimtajie waliokula, mmoja mmoja: mimi, na karani, na yule aliyekupiga. Yeye ndiye aliyepika. Akilia, nitalia naye. Akisema nimuongoze jikoni apike tena, nitakuja na sufuria nyingine, nitapita palepale, na nitaitaja.

Mdogo wako,
Driciru