Makoti Tisa Bila Vifungo

Jumanne, 5 Novemba

Baba Koku kaenda shambani. Nikafunga mlango, nikavuta makopo yangu chini ya kitanda, nikamwaga vifungo kwenye ungo nikaanza kuchambua kama senene. Vya mbao huku. Vya pembe huku. Vile vya chuma vyenye nanga peke yao, maana vina maringo. Leo vimeongezeka sita vya ngozi iliyosukwa. Nimevitoa kwenye koti nililonunua jana mitumbani Bukoba.

Nilienda kununua sufuria. Sufuria sijanunua.

Makopo saivi ni kumi na moja. Nilipoanza lilikuwa moja, tena halikujaa. Nikiyaona yote kwa pamoja nasikia aibu kama mtu aliyefumaniwa anakula nyama Ijumaa Kuu. Halafu nachukua kifungo kimoja, nakigeuza dirishani kwenye mwanga, aibu inaisha. Inarudi nikianza kupika.

Alhamisi, 7 Novemba

Shida siyo vifungo. Shida ni makoti. Wale wa mitumba hawauzi kifungo, wanauza koti. Niliwahi kumwomba yule wa meza ya kona aniuzie vifungo tu. Akaniambia, "Mama, na ng'ombe huwa unaomba wakuuzie kwato?" Wenzake wakacheka mpaka na mimi nikacheka. Nikanunua koti.

Basi nafika nyumbani, nakata kwa wembe, koti linabaki. Silivai, la mwanaume wa Ulaya, mabega kama mlango. Naficha stoo kwenye kiroba, nyuma ya kahawa. Mengine nishagawa kwa ndugu wa mbali, yamebaki tisa.

Leo Baba Koku kakiona kiroba. Kapapasa. Kauliza makoti yote haya ya nini. Mdomo wangu haujawahi kukosa jibu. Ya wazee wasiojiweza, nikasema, si unaona mvua hizi.

Kaniangalia kama ndo kwanza ananioa.

Jumamosi, 9 Novemba

Jumuiya imesali kwa Ta Dioniz, mwenyekiti wetu. Kwenye matangazo Baba Koku kasimama. Huyu mtu hasimami kusema hata akikanyagwa. Leo kasimama, kasema mke wangu kwa siri yake kanunua makoti tisa ya wazee. Wakapiga makofi. Nilitaka kuingia chini ya mkeka.

Kiroba kimebebwa hapo hapo. Kimefungwa kwa kamba ya mgomba, hakuna aliyechungulia. Ta Dioniz kasema kipite kwanza kwa Fundi Projestus, kama kuna bitana zilizochanika azishone. Fundi kakubali kufanya bure. Mtu mpole yule. Toka afiwe na mkewe anaongea na cherehani yake tu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba hayana vifungo. Nafasi kubwa kabisa. Nikala karanga.

Jumapili, 10 Novemba

Padri kanisifu kwenye mahubiri. Hakutaja jina, kasema "mama mmoja wa hapa Izigo." Kanisa zima shingo zikageuka. Nikainamisha macho kama sanamu ya mtakatifu.

Nimejisikia vizuri sana. Hapo ndo ubaya ulipo.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku mbaya. Naandika kama ilivyokuwa.

Makoti yamegawiwa leo jumuiyani. Mzee wa kwanza kavalishwa, kavuta upande huu, kavuta upande huu, anatafuta kifungo. Hakuna. Wa pili hakuna. Mpaka wa tisa. Mvua nje inamwaga, wazee wamesimama wameshika makoti kwa mkono kama akina mama wanaoshikilia kanga. Mmoja kajifunga kamba ya mgomba kiunoni, kasema yeye yuko tayari kwenda.

Paskazia kauliza vifungo viko wapi. Paskazia ni jirani yangu na rafiki yangu, mdomo wake na wangu ni mapacha. Wote wakaanza kuangaliana. Fundi hakuwepo, yuko kwake anashona sare za kwaya za Noeli.

Nikasema, "Si yalitoka kwa fundi?"

Maneno manne tu. Nimeshasema maneno elfu nyingi maishani yasiyozaa kitu. Haya yamezaa kabla chai haijapoa.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeenda kusaga. Pale mashineni mama mmoja nisiyemjua kanisogelea, kaninong'oneza habari mpya kabisa: kuna fundi Izigo anakata vifungo vya makoti ya maskini anaviuza Uganda. Maneno yangu mwenyewe. Yametembea, yamenenepa, yamerudi kunisalimia.

Fundi kajitetea kwamba makoti yalikuja hivyo, akadhani vifungo jumuiya italeta. Wamemcheka. Makoti tisa yote? Ulaya wanafunga koti kwa mate?

Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao. Sasa kwaya nao wanasema Jumamosi baada ya jumuiya wanabeba kitambaa chao chote, wanampelekea fundi wa Muleba mjini. Sare thelathini. Hiyo ndo kazi yake ya mwaka. Paskazia kasema, kazi hiyo ikiondoka fundi anafunga kibanda, anarudi kwa kaka yake Izimbya. Kasema huku anatafuna punje za kahawa, kama anayesema mvua itanyesha.

Nimepika ndizi na maharage. Sikumaliza sahani. Mimi!

Alhamisi, 21 Novemba

Nimepata akili. Imenijia jana wakati Baba Koku anakamua ng'ombe.

Nimetoa kwenye makopo vifungo vya yale makoti tisa. Navijua vyote, kila kimoja kilikotoka. Kwanza nilitaka kubadilisha, niweke vyeupe vya shati, nibaki na vizuri. Nikajionea aibu. Nikaweka vyenyewe. Isipokuwa vya nanga. Nikaviweka na vya nanga. Nikarudi nikatoa kimoja. Nikakirudisha. Hapo jasho linanitoka kama navuna.

Leo kumepambazuka tu nimeenda kibandani kwa fundi, nimeacha kifurushi juu ya meza, chini ya kitambaa anachofunikia cherehani. Atavikuta, atashona, wazee watafunga makoti, maneno yataisha. Hakuna atakayejua.

Nimerudi naimba.

Ijumaa, 22 Novemba

Mimi ni mjinga. Darasa la tano nililoishia walifanya vizuri kunitoa.

Fundi kakuta kifurushi. Mtu mwema haogopi, kwa hiyo hakuficha. Kakishika mkononi, kamwuliza mteja wa kwanza aliyepita kama ni chake. Mteja wa kwanza alikuwa Paskazia.

Saa nne Izigo yote inajua: vimekutwa! Ta Dioniz kaja na koti moja, kalinganisha uzi uliobaki kwenye koti na uzi uliobaki kwenye kifungo. Bluu na bluu. Fundi anasema amevikuta mezani tu. Hata mimi nisingemwamini. Wamemwambia kesho aje jumuiya ajieleze mbele ya watu.

Nikaenda kuungama. Nikamwambia Padri yote. Kaniuliza vifungo vingapi. Nikasema makopo kumi na moja. Kakohoa mle ndani muda mrefu. Nadhani alikuwa anakohoa.

Nikaomba malipizi ya rozari. Nikasema hata tano, hata kumi, magoti yangu bado mazima. Kakataa. Kasema, "Ulikosemea, kasemee hapo hapo."

Naumwa tumbo. Kweli naumwa, siyo kisingizio. Kisingizio pia.

Jumamosi, 23 Novemba

Jumuiya ilikuwa kwa Paskazia. Watu wamejaa mpaka uani, hata wasiosali. Wanakwaya wamekuja na baiskeli mbili za kubebea kitambaa chao.

Baada ya neno la Mungu fundi akasimama. Kofia mkononi. Nguo yake imepigwa pasi vizuri, ndo iliyoniua. Akasema, "Waitu, jamani, mimi sijui." Akakaa. Basi. Mtu kama mimi kwa kujitetea angetumia mchana mzima.

Miguu ikanisimamisha. Makopo nilikuwa nimekuja nayo kwenye kapu, nimefunika majani ya mgomba, Paskazia akidhani nimemletea ndizi. Nikamwaga kwenye mkeka. Yote. Vikaanguka kama mvua ya mawe kwenye bati, vingine vikakimbilia chini ya viti, mtoto wa mtu akaanza kulia. Nikasema ni mimi. Nanunua koti, nakata vifungo, naficha chini ya kitanda, koti natupa kwenye sadaka. Kile kifurushi ni mimi. Maneno ya fundi ni mimi. Fundi hajaiba hata uzi.

Paskazia akaokota kimoja: "Mama Koku... unavila?"

Nyumba ikalipuka. Ta Dioniz kajitahidi kushika uso wa mwenyekiti, kauliza, "Sasa vyote hivi vya nini?"

"Vya kuangalia."

"Kuangalia nini?"

Mara ya kwanza mdomo wangu umefika dukani ukakuta pamefungwa.

Baba Koku hakucheka. Kasimama tena, mara ya pili mwezi huu. Kafungua koti lake la Jumapili, kaonyesha shingo ya shati. Pini. Anafunga kwa pini toka Pasaka. "Nalala juu ya makopo kumi na moja ya vifungo," kasema, "na mke wangu ananiona navaa pini!" Watu wakaanguka kwenye mikeka. Mwishowe na yeye kacheka, lakini kwa upande.

Wanakwaya wamegeuza baiskeli. Mkubwa wao kamshika fundi mkono, kamwomba msamaha, kitambaa kinabaki. Hicho ndo nilichokitaka, nimekipata.

Jumuiya imeamua makoti yote tisa nitashona vifungo mwenyewe, kwa mkono, pale kwa fundi, mpaka aseme inatosha. Fundi kaitikia kwa kichwa. Hajacheka hata kidogo. Kavaa kofia, kanipita kama anavyopita mti.

Jumapili, 24 Novemba

Naitwa Mama Vifungo. Mpaka watoto wa katekisimu. Nimestahili.

Baba Koku toka jana kaniambia neno moja: chumvi.

Jumatano, 27 Novemba

Siku ya tatu kwa fundi. Siku ya kwanza kafumua vyote nilivyoshona. Jana kafumua nusu. Leo viwili. Anaingiza wembe tu, anakata, ananirudishia. Nimejichoma vidole vyote, hata dole gumba ambalo silitumii.

Nimempelekea makopo yote, achague anachotaka. Nilimwambia vichukue vyote, mimi sitaki hata kuviona tena. Nusu kweli. Kavuta kopo moja, kamimina vichache kiganjani. Nikasubiri aseme nilivyo mpumbavu. Akawa anavigeuza kwenye mwanga. Hivi hivi, taratibu, kidole kimoja.

Akatoa kimoja kidogo, kile cheupe kinachong'aa kama ndani ya gamba la konokono. Kakishika muda mrefu. Cherehani imesimama. Mvua ndogo inanyesha kwenye migomba, hakuna mtu njiani.

Akasema, "Mke wangu alikuwa na gauni."

Nikasubiri. Hakuendelea. Gauni gani, la lini, alilivaa wapi, liko wapi leo, maswali yote yalikuja yakajipanga mlangoni. Sikuuliza hata moja. Nikaingiza uzi kwenye sindano. Yeye kakiweka kile kifungo kwenye mfuko wa shati, kajipapasa kidogo pale juu, kaanza kukanyaga cherehani.

Tumeshona mpaka amefunga. Cha mwisho cha leo kakiangalia, kakivuta, hajakifumua. Kasema, "Kesho ukija njoo na chakula chako, Ma. Utachelewa."

Nafika nyumbani Paskazia kaketi mlangoni ananisubiri, macho hayo. Siku nzima mmekaa wawili, kasema, haya, nipe. Mmeongea nini huko?

Nikamwambia, hatujaongea.