Mama Amebakiwa na Neno Moja

Jumapili, Ndhiwa. Mvua imenyesha tangu asubuhi, uani kumejaa tope, na wageni wamelikanyaga mpaka sebuleni kwangu. Wameenda. Sijapiga deki. Tope lao wacha likae.

Leo nimehukumiwa, na shahidi alikuwa mama mkwe wangu, ambaye hawezi kuongea.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikiwa na hasira naruka mambo. Moyo wa Mama hupiga ovyo, mara mbio, mara polepole, na damu ikituama humo inaweza kuganda, donge likasafiri hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana kliniki huko Homa Bay walimpa dawa ya kuzuia damu isigande. Mume wangu Ochieng anafanya kazi Migori, huja mwisho wa mwezi, kwa hivyo mambo ya dawa yalikuwa yangu. Kila siku baada ya uji Mama alimeza kidonge mbele yangu, kisha akanitolea ulimi kama mtoto mtundu ili nione kimeenda. Mboga pia nilimpimia, kwa sababu kliniki walisema akila majani mengi kwa ghafla dawa hupungua nguvu. Alipenda osuga, ile mboga chungu, angemaliza sufuria nzima. Nilimnyima. Alinitukana kwa Kiluo, nikamjibu kwa Kikuria, tukacheka.

Hatukuruka hata siku moja.

Kiharusi kikampata hata hivyo, akiwa ameketi anachambua maharagwe. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Hospitalini walipima damu, daktari akaniambia dawa imo mwilini, tena kwa kiwango kinachotakiwa. Alisema dawa hupunguza hatari lakini haiimalizi, na wapo wachache ambao donge huwapata wakiwa wanameza vizuri tu. Alisema hayo kwa upole. Afadhali angenifokea. Ukikosea unaweza kujirekebisha, lakini mimi nilifanya kila nilichoambiwa, na Mama akaanguka palepale mbele yangu.

Amerudi nyumbani na neno moja tu. Ooyo. Kwa Kiluo ni hapana. Ukimuuliza kama anataka maji anasema ooyo, halafu anakunywa kikombe kizima. Ukimuuliza jina lake, ooyo. Daktari alitufafanulia kwamba ubongo umeumia upande wa maneno, hilo moja ndilo lililosalia na linatoka lenyewe. Ochieng alikuwepo, akaitikia kwa kichwa. Dada yake, Akoth, aliyeolewa Oyugis, pia alikuwepo, anachezea simu.

Leo ukoo umekaa kikao. Boma hili halina mzee tena, na hapa kwao mama mwenye boma akishasema mbele ya ukoo, hakuna anayempinga. Akoth anajua hivyo vizuri. Akapiga magoti mbele ya mama yake, machozi tayari, na ili mimi jamwa, mtu wa kuja, nisipitwe na kitu, akauliza kwa Kiswahili.

"Mama, huyu alikuwa anakupea dawa kila siku?"

"Ooyo."

"Na chakula, ulikuwa unashiba?"

"Ooyo."

"Mmeskia? Si mimi nimesema. Ni yeye mwenyewe."

Nikasema, "Hebu muulizeni kama Akoth ni mtoto wake."

Baba mdogo wa Ochieng akaniinulia mkono. "Boke, mama amesema. Heshimu."

Nikamtazama Ochieng. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Basi kesho Akoth anampeleka Mama Oyugis. Hilo ningelimeza. Lakini amekataa kubeba dawa. "Hiyo dawa ilifanya nini? Si bado ameanguka? Kwangu tutamuombea." Daktari alimbadilishia dawa na akaonya kwamba akiiacha, donge jingine linaweza kuja na kummaliza. Nimesema hivyo mpaka koo limekauka. Nimezitia kwenye mkoba wa Mama, chini ya leso zake. Nani atampa, sijui.

Nimemchukia Akoth leo kwa moyo wangu wote. Nimetamani kiharusi kimpate yeye, kimwachie neno "ndiyo", kisha nimkalishe mbele ya ukoo nimuulize maswali yangu. Nimeyaandika hapa na siyafuti.

Walipokwenda kula kwa baba mdogo, nilibaki namlisha Mama uji. Ulikuwa unamtoka upande mmoja, nampangusa, naendelea. Nikamuuliza polepole, "Mama, mimi nilikudhulumu?"

"Ooyo."

Machozi yakanitoka. Ningenyamaza hapo. Lakini mjinga mimi nikataka zaidi.

"Mama, unaniamini?"

"Ooyo." Akafungua mdomo, akangoja kijiko.

Wiki nzima nimewapigia kelele watu hawa kwamba neno hilo halina maana. Basi lile la kwanza siwezi kulichukua, hata nikitamani vipi. Mbona la pili linaniuma hivi?