Chipukizi Lisilo na Kikonyo

Osaka, mwezi wa nne

Mdogo wangu Fumie,

Mboga za giboshi ulizonichimbia mlimani, juu ya kijiji chetu kilichozamishwa na bwawa, zimechipua nyuma ya nyumba, pale ukutani pasipofika jua. Jirani yangu, Bi Sugae, alikuja na kisu. "Bi Tsuneko, hizi ni za supu. Au unazifuga kama paka?" Tulicheka.

Nilipoinama kumkatia, kidole changu kilisita. Chipukizi moja halikuwa na kikonyo. Majani yake yenye mikunjo yalikumbatia shina. Ni baikeiso, Fumie, ile pacha ya giboshi yenye sumu.

Namsikia tena baba akimtania mama mezani: "Leo umetia uchungu wa mapenzi?" Akamaliza bakuli la supu. Kabla ya jua kuchwa hatukuwa na baba. Tangu hapo mama alitufunga macho kila masika, tupapase majani mpaka tujue lipi linaua. Wewe hukukosea kamwe.

Sasa umekosea, na bado unajichumia mboga peke yako. Simu huisikii. Barua hii ya haraka inanitangulia. Nami nakuja kwa treni ya kwanza nitakayopata nafasi. Mpaka nigonge mlango, kula wali mtupu. Ukionja uchungu, usitanie kama baba. Tema.

Dada yako,
Tsuneko