Matofali ya Kumwonyesha Mkaguzi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, jina langu usiliandike, ingawa wenzangu wakisoma watajua ni mimi tu, na wajue.

Mimi ni mjane. Mume wangu aliuawa na homa, hakuangukiwa na ukuta, kwa hiyo mtu asiseme nina kisirani na kuta. Alipokufa nilikuwa kibarua wa kubeba zege kwenye majengo ya watu, nikabeba mpaka shingo ikazama mabegani, mwisho nikapata kalibu yangu, koleo na toroli, sasa nafyatua matofali ya saruji mwenyewe hapo pembeni mwa barabara. Shule sikufika mbali. Lakini tofali nalijua. Likikauka nalinyanyua mpaka kiunoni, naliachia. Likibaki zima nauza. Likipasuka ni kifusi, na lawama ni yangu.

Wafyatuaji mtaani kwetu tuko wengi, tuna umoja, mwenyekiti ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Tunaagiza mchanga pamoja maana lori haliji kwa mtu mmoja. Hilo ndilo zuri la umoja. Mengine ni uchafu. Saruji wanaipitisha juu ya mchanga kama unavyomtilia chumvi mgonjwa aliyekatazwa. Kuna mmoja tunamwita Nusu Mfuko, tofali lake ukikohoa karibu linapukutika.

Sasa shule ya mtaani inajenga madarasa na umoja wetu umepata kazi ya matofali yote. Mkaguzi lazima achukue machache ya mfano, yapelekwe maabara yakavunjwe na mashine, ndipo karatasi ya kibali itoke. Mkaguzi mwenyewe ameshakula, tena kwa mikono miwili. Lakini mashine haili, kwa hiyo anataka tofali gumu la kweli. Basi wakaja kwangu. Wanataka Ijumaa, kabla hajafika, wabebe matofali yangu kwa toroli, wayapange kwenye kila kiwanja, kwa Nusu Mfuko, kwa shemeji, kwa wote, halafu mkaguzi apite anaokota hapa na pale kama mtu anayechagua, kumbe anaokota yangu tu.

Nikawauliza, "Na ya shule mtayafyatua vipi?"

"Kama siku zote, shemeji," mwenyekiti akasema. "Tofali ni tofali. Likishapigwa plasta nani atalijua?"

"Ukuta utalijua."

Nusu Mfuko akadakia, "Mama, wewe unafyatua matofali au unazaa watoto? Mbona unayaonea huruma hivyo?"

"Watoto nimezaa. Mmoja yuko shule hiyohiyo."

"Basi mwambie akae dawati la katikati."

Wakacheka. Mshauri, watu wazima, wenye ndevu zao, wakacheka.

Shemeji akanivuta pembeni, akalainisha sauti kama anaposa. "Shemeji, hakuna aliyekuambia uibe. Matofali yako tunayasifu. Na wewe tutakupa fungu lako la kazi ya shule, ufyatue kwa namna yako hiyohiyo. Ila ukikataa, lori la mchanga likija usiulize. Na marehemu kaka hakuwa mtu wa kuwaaibisha wenzake."

Marehemu naye katiwa humo! Alikuwa fundi viatu. Tofali hakulishika hata la kukalia.

Nikamwambia nitafikiria. Ndiyo nafikiria. Nikikataa sina mchanga, na bila mchanga mimi na kalibu yangu ni mapambo. Nikikubali, fungu langu nitalifyatua vizuri, Mungu shahidi, sehemu yangu ya ukuta haitaanguka, na sehemu yao ni dhambi yao. Hapo nina kosa gani? Hao watu nawadharau mpaka mate yananikauka, lakini mchanga wao nautaka, na sijui cha kufanya.

Mimi, mfyatua matofali.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama, pole kwa kufiwa, na pole kwa kuzungukwa na watu wa aina hiyo. Pole imekwisha, sasa tusemane.

Unauliza una kosa gani. Kosa ni hiyo "sehemu yangu ya ukuta." Wewe uliyebeba zege kwenye majengo, ni wapi uliona ukuta una sehemu ya mtu? Fundi hatapanga yako upande huu na ya Nusu Mfuko upande ule. Atachukua lililo karibu na mkono. Tofali lako gumu litakaa juu ya lile la unga, na siku la chini litakaposalimu amri, lako ndilo litakalomshukia mtoto kichwani. Tena litamuumiza zaidi, kwa sababu ni gumu.

Wenzako hao wanajua tofali zuri likoje, ndiyo maana wamekuja kwako. Mjinga angesamehewa. Shemeji yako anaazima jina la marehemu na matofali ya mjane kwa pumzi moja. Mwambie atafute chake, hata kimoja. Mkaguzi tusimpotezee wino. Mtu anaogopa mashine kuliko watoto, utamwambia nini?

Lakini na wewe usijifiche nyuma ya kuwadharau. Dharau ni rahisi, haina jasho. Uliwaambia "nitafikiria." Mama, kwa watu kama hao, nitafikiria ni ndiyo inayoona haya. Saa hii wanajaza upepo matairi ya toroli.

Fanya hivi. Leo, usingoje Alhamisi, mwambie shemeji yako "hapana" mbele ya watu. Usiongeze neno, maana ukieleza atakujibu. Ukitoka hapo peleka kalibu kwa fundi wa kuchomea vyuma akuwekee alama ndani, jicho, jembe, chochote, ili kila tofali litoke na chapa yako ubavuni. Yaliyokwisha kukauka yachonge alama hiyohiyo kwa patasi. Tofali lenye chapa yako haliwezi kusimama kwa Nusu Mfuko likajiita lake.

Halafu nenda shuleni. Wewe ni mzazi, omba kuonana na mwalimu mkuu na kamati ya wazazi. Beba tofali lako na moja la kununua kwa wenzako, ununue kweli, usichukue usiku, uyaangushe mbele yao jinsi unavyoyaangusha kiwanjani. Usimtaje mtu. Wenye watoto wana macho.

Mchanga utakosa, sikudanganyi, na watakununia. Mtafute mtu anayejijengea, ambaye mchanga na saruji viko tayari kiwanjani kwake, uhamie huko na kalibu yako umfyatulie palepale. Mali ni yake, kazi ni yako, na hakuna mwenyekiti wa kukufungia lori. Utachoka zaidi. Kuchoka si kugeni kwako.

Madarasa hayajasimama bado. Ndiyo nafasi pekee uliyo nayo, kabla ukuta haujaanza kupanda, kwa hiyo usiitumie kuniandikia barua ya pili.